Vipande Vinne vya Sekunde

Julai, Nairobi, saa kumi na mbili kasorobo,
baridi ya kung'oa meno.
Ng'ambo ya ukuta wa Nyayo korongo wamejikunyata mitini
kama makarani waliostaafishwa bila kiinua mgongo,
nami nimeshika saa,
kidole gumba tayari. Kidole hiki
hubonyeza hata usingizini. Mumbua ameniambia.

Mita mia nane. Mizunguko miwili, basi.
Mwaka juzi Khavere alikosa nafasi ya timu
kwa vipande vinne vya sekunde:
muda wa kupepesa jicho,
muda wa kusema "ka" kabla hujamalizia "ribu".
Tukaapa kuvitafuta.

Tumevitafuta kwenye vilima vya Ngong, mapafu yakiwaka,
kwenye uji wa mtama usio na sukari,
kwenye harusi ya dadake ambayo hakwenda,
kwenye mazishi niliyofika na firimbi shingoni,
nikaificha ndani ya shati wakati wa sala.
Tulipata viwili. Vikatoroka tena.

Leo mzunguko wa kwanza: sitini na moja. Safi.
Kwenye kona nikapiga kelele, "Kaza! Kaza!"
na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye viti vitupu
ikiwa ya mtu mwingine, mzee, mwenye deni.
Pale penye mita mia tano
Khavere akapunguza, akatembea, akaketi.
Hakuanguka. Angeanguka ningejua la kufanya:
nina barafu, nina bendeji, nina nambari ya daktari.
Aliketi kama mtu aliyefika kwake,
akaanza kufungua kamba za viatu
pole pole, tundu kwa tundu.

"Nguvu zipo, Kocha," akasema.
"Mwenye nguvu ndiye hayupo."

Nilikuwa na majibu. Daftari zima la majibu.
Mvumilivu hula mbivu: niliwaandikia ubaoni
kwa chaki nyekundu, watoto wa miaka kumi na minne.
Sikuwaambia kuna mbivu huozea mtini
mvumilivu akiwa bado anavumilia.

Wala sikuwaambia habari za bafu.
Kila usiku nafungulia maji,
nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo zote mwilini,
ili nyumbani wadhani naoga.
Dakika kumi na mbili. Najua, kwa kuwa napima.

Nikaketi kando yake, njia ya nne.
Hatukutazamana. Mimi nilitazama soksi zake,
moja ya kijani, moja ya bluu,
na sikukumbuka mara ya mwisho
kutazama miguu hii bila kuidai kitu.
Roba, mlinzi wa geti, akatuletea chai ya tangawizi
kwenye vikombe vya bati.
Akauliza kama tumefiwa.
"Bado," akajibu Khavere.
Nikacheka. Naye akacheka. Kisha akalia,
na mimi nikashikilia kikombe chake kisimwagike,
maana hiyo ndiyo kazi niliyoiweza.

Sitasema tumepona.
Saa moja na nusu simu yake ikalia: mamake, Chavakali,
anauliza karo ya Kageha.
Kampuni ya viatu inataka picha kabla ya Ijumaa.
Jioni wengine tisa watanisubiri hapa
wakiniita Kocha, jina ambalo siku hizi
hata binti yangu huniita.

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu za Roba
nikakuta saa ingali inahesabu.
Kidole kilisahau.
Saa moja, dakika arobaini na moja, na vipande
ambavyo sikuvisoma.
Nikafungua daftari, chini ya jina lake nikauandika muda huo,
na penye umbali:
kutoka mita mia tano
hadi chai.